Mpwa wangu anauza vyura, na kila wiki wanamfia

SWALI

Salamu kwenu.

Mpwa wangu ana miaka 18, tunaishi naye hapa Makorora, Tanga. Tangu Machi, masika yalipoanza, amefungua biashara ya vyura. Wale wadogo wa matete anawakamata mwenyewe kwenye madimbwi ya Pongwe. Wakubwa wa kijani, wenye vidoa vidogo mgongoni, analetewa na vijana wa Muheza kutoka upande wa msitu wa Amani, wakiwa wamefungiwa kwenye chupa za maji za lita moja na nusu. Mdogo anamwuza shilingi 2,000, mkubwa 10,000. Wanunuzi ni watoto wa shule na vijana walioona picha kwenye simu. Sijaona hata mmoja aliyeuliza chura anakula nini. Wengi hurudi baada ya siku tatu nne kudai pesa zao.

Alifikisha vyura 31, sasa wamebaki 14: saba wa matete, watatu wa kijani, wanene wawili wa kahawia, mweusi mmoja, na mmoja wa kijivu mwenye madoa. Yeye akiulizwa husema tu "wamekufa", kwa hiyo nimeanza kuandika daftarini. Haya ndiyo ninayoyaona.

Wanakaa kwenye ndoo mbili na beseni kubwa la mke wangu, chini kuna mchanga wa pwani. Maji ni ya bomba, yanatiwa moja kwa moja. Yakikatika anachota kisima cha jirani ambacho sisi hatukinywi kwa chumvi yake. Chakula ni wali, makombo ya mkate na nzi waliokufa. Wale wanene anawashikia vipande vya nyama kwenye kijiti, nao huvidaka. Jioni chumba kinapulizwa dawa ya mbu. Ndoo moja iko dirishani, jua la asubuhi linaipiga.

Siku moja alimtia yule mweusi, mwenye mistari miwili myekundu ubavuni, kwenye ndoo ya wa matete. Kulipokucha watano walikuwa wamekufa, mweusi mzima. Mnene mmoja alimmeza mwenzake hadi ikabaki miguu. Wa kijani wawili walikufa mchana, midomo wazi. Mnene mwingine mgongo umepinda na taya limekuwa laini. Mmoja wa kijani amevimba kama puto. Yule wa kijivu ana wekundu mapajani, na nimeambiwa huo ni ugonjwa wa kuambukiza.

Sasa kuna mtu ametaka 40 wa kijani awapeleke nje ya nchi. Waliobaki tunawaokoaje? Biashara yenyewe inaruhusiwa? Au niwamwage kwenye mtaro wa nyuma, yaishe? Mke wangu naye anauliza beseni lake atarudishiwa lini.

Mjomba, Makorora

JIBU

Mjomba, daftari lako limetuokoa na kubahatisha. Vifo ulivyoviandika vina sababu tofauti, na dawa ya kimoja si dawa ya kingine. Lakini kabla ya kueleza, kuna kazi ya leo hii: ondoa ndoo dirishani, zuia dawa ya mbu isipulizwe kwenye chumba hicho, mwaga mchanga, na mtoe yule mweusi mwenye mistari akae peke yake. Mengine yanaweza kungoja kesho.

Chura hanywi kwa mdomo. Maji huingia mwilini kupitia ngozi, zaidi ile ya tumboni na ya chini ya mapaja, na sehemu ya pumzi yake hupita hapohapo. Kwa hiyo chochote alichokikalia, amekinywa. Dawa nyingi za mbu za kupuliza zina sumu zilizotengenezwa kwa kuigiza pareto. Mtu hupiga chafya yakaisha, ila samaki na chura hudhurika kwa kiasi kidogo sana. Sumu hiyo huwapata pia nzi na mende wa chumbani, na mpwa wako akiwaokota kuwalisha vyura, anawapa sumu mara ya pili. Tahadhari nyingine ambayo watu huisahau: msifunike ndoo kwa chandarua kikuukuu chenye dawa. Tumieni kitambaa chepesi cha pamba kilichosuuzwa bila sabuni, kifungwe kwa mpira. Mikono nayo isiwe na mafuta, losheni wala sabuni. Mtu akilazimika kumshika chura, ailoweshe kwanza kwa maji yaleyale anayoyatumia chura.

Maji ya bomba yana klorini. Yajazwe kwenye chombo chenye mdomo mpana, yakae wazi saa 24 kivulini ndipo yatumike. Kisima cha jirani kiacheni kabisa: maji ambayo ulimi wako unayahisi chumvi humnyonya chura maji ya mwilini badala ya kumwongezea. Mchanga wa pwani una kosa hilohilo, tena chura akirukia mdudu huumeza, ukaziba utumbo. Maji ya mvua ni mazuri, ila zile dakika za kwanza bati linapooshwa kutu na vinyesi vya ndege, yaacheni yapite.

Vyombo sasa. Wa matete saba waliotoka dimbwi moja wanaweza kukaa watatu na wanne. Waliobaki, kila mmoja ndoo yake ya lita 10. Ndoo iliyobeba rangi au dawa ya shamba haifai hata ioshweje. Iliyokuwa na mafuta ya kula inafaa ikioshwa kwa maji ya moto hadi utelezi uishe. Toboeni matundu madogo ubavuni, juu kidogo, mkitobolea kutoka ndani kwenda nje ili ncha kali zisibaki upande wa chura. Chini wekeni tishu nyeupe isiyo na manukato, iliyoloa bila kuelea, ibadilishwe kila siku. Haipendezi machoni, lakini inakuonyesha kinyesi, damu au ngozi iliyobanduka, mambo ambayo udongo ungeyaficha. Kisahani cha maji kiwe cha kina cha sentimita moja kwa wa matete, na kwa wanene kisizidi urefu wa paja. Wa miti na wa matete wapewe pia tawi au jani pana la mgomba la kupandia. Wao hawapendi kukaa chini.

Wali na mkate sahauni. Jicho la chura linaona kinachotembea. Nzi mfu kwake ni kama kokoto. Walishwe wadudu hai wasiozidi upana wa kati ya macho mawili ya chura mwenyewe. Wa matete wapewe nzi wadogo, kumbikumbi waliong'olewa mbawa na nyenje wachanga, watatu hadi watano kila baada ya siku moja. Wanene wapewe mende au panzi wakubwa wawili watatu mara moja au mbili kwa wiki. Wadudu wakamatwe nje, mbali na nyumba zinazopulizwa dawa, na kabla ya kuliwa walishwe wenyewe karoti na pumba siku nzima. Nyenje asiyeliwa usiku atolewe asubuhi, maana huanza kumtafuna chura aliyelala.

Na hapo ndipo tunafika kwa yule aliyepinda mgongo. Nyama tupu isiyo na mfupa ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno. Chura mchanga wa aina hiyo hukua haraka, na mwili ukikosa kalsiamu huichukua kwenye mifupa yake: taya hulegea kwanza, kisha mgongo na miguu. Wadudu nao wana upungufu huo, ndiyo maana hunyunyiziwa unga wa kalsiamu. Hapa Tanga unapatikana ufukweni bure: ule ubamba mweupe mwepesi wa dome. Uloweke kwenye maji baridi siku tatu ukibadilisha maji kila siku ili chumvi itoke, ukauke juani, usagwe uwe kama poda. Tieni wadudu kwenye kikombe chenye unga huo kidogo, mtikise, wapewe hapohapo kabla hawajajipangusa. Kalsiamu pekee haitoshi bila vitamini D3, na mwanga unaopita kwenye kioo cha dirisha haumsaidii kuitengeneza. Kioo huzuia miale inayohitajika. Mgongo uliokwisha kupinda haunyooki tena. Taya linaweza kukaza akitibiwa mapema, na hilo lipelekwe kwa daktari wa mifugo.

Turudi kwenye ile asubuhi ya maiti watano. Huyo mweusi kwa maelezo yako ni yule anayeitwa kisayansi Phrynomantis bifasciatus: ngozi laini, mistari ya wekundu, na utamwona akitembea zaidi kuliko kuruka. Akibanwa hutoa ute wenye sumu, na katika ndoo ndogo yenye maji machache ute ule ukawafikia wenzake kupitia ngozi. Hakuwagusa kwa meno wala hakuwa na ugonjwa. Usiku ule mpwa wako angeweza kuwatia kwenye ndoo ya sumu, matokeo yangekuwa yaleyale. Ute huo humwasha na kumvimbisha hata mtu, hasa penye mkwaruzo, kwa hiyo ashikwe kwa mfuko wa plastiki mkononi, kisha mikono ioshwe. Inatutia hofu zaidi kwamba aina hii yenye rangi nzuri ndiyo mtoto wa shule angeichagua kwanza.

Wanene wa kahawia ni Pyxicephalus, na wao kumeza wenzao ni tabia ya kuzaliwa. Anachoweza kuingiza mdomoni ni chakula. Tena kiangazi kikikaza, huyo hujifukia ardhini miezi. Mnunuzi akimwona kagoma kula humlazimisha, akamjeruhi mdomo. 

Yule wa kijivu tazameni tena kwa tochi. Kuna chura wa pwani yetu, Kassina maculata, mwenye madoa meusi yaliyozungushiwa ukingo mweupe, na kwapani na kwenye mapaja ana wekundu mkali wenye madoa meusi. Huo ni wekundu wake wa asili, hauhitaji dawa. Wekundu wa ugonjwa hukaa vingine: umetapakaa tumboni na chini ya mapaja kama ngozi iliyosuguliwa, pengine na vitone vya damu, na chura mwenyewe amelegea, akipinduliwa chali anachelewa kujigeuza. Huo ni wa bakteria walioingia kwenye damu, na husababishwa mara nyingi na maji machafu. Kama madoa meusi yamo ndani ya wekundu, mmeokoka na hofu moja.

Aliyevimba ni habari mbaya. Uvimbe wa maji unaweza kutoka kwenye figo, bakteria, au maji mabaya ya muda mrefu. Msimtoboe kwa sindano. Wala msinyunyizie unga wa kapsuli za antibayotiki kwenye maji, jambo ambalo wauzaji hupenda kushauriana. Kipimo cha mnyama wa gramu 30 hakikisiwi kwa jicho. Mtengeni, mtilieni maji safi, apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Sasa wa kijani, ambao ndio moyo wa barua yako. Huenda ni Leptopelis vermiculatus, chura wa miti wa misitu ya Usambara, na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, limemweka kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka. Makao yake kule Amani yako yapata mita 900 juu ya bahari, hewa ikiwa karibu nyuzi 20. Chumba cha bati Makorora wakati wa joto hupita nyuzi 32. Midomo wazi mchana maana yake waliiva. Chupa iliyofungwa kwenye basi lililosimama juani huwamaliza kwa muda mfupi kuliko safari ya Muheza hadi mjini, na wale mliowapokea hai wengi walikuwa wameshaumia ndani. Watatu waliobaki waweke kwenye chumba chenye upepo, sakafuni, ndoo ikikaa ndani ya sinia la udongo lenye mchanga uliolowa maji baridi. Hiyo ni kanuni ya mtungi. Siku za unyevu mwingi hupoza kidogo tu, basi msiitegemee kama friji. Nunueni kipimajoto, kikipita nyuzi 26 ndani ya ndoo ongezeni upepo na maji kwenye mchanga.

Hakuna ushauri wa ufugaji utakaoifanya biashara ya hao iwe sawa. Amani ni Hifadhi ya Mazingira Asilia tangu 1997. Kutoa kiumbe mle bila kibali ni kosa. Hata nje ya hifadhi, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 inadai kibali kwa kukamata na kuuza. Na huyo mwenye oda ya 40: mwaka 2016 Serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Mpwa wako akikubali, yeye ndiye atakayekuwa na vyura mkononi ukaguzi ukifika, mnunuzi hatakuwapo. Ajue pia kwamba katika milima hiyohiyo kuna vyura wadogo wa jamii ya Nectophrynoides, wanaozaa watoto kamili bila kupitia kiluwiluwi. Jamii nzima iko katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Kijana wa kuokota usiku hawezi kuwatofautisha na chura wa kawaida wa kahawia.

Mtaroni usiwamwage, Mjomba. Vyura wa Pongwe, wa Amani na wa kununua wamekaa maji mamoja, na kuna kuvu wa ngozi, Batrachochytrium, anayeweza kubebwa na chura asiyeonyesha dalili yoyote. Kumbuka Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa: bwawa la umeme lilipunguza rasharasha za maporomoko, kisha 2003 kuvu huyo akakutwa kwenye vyura waliokufa, na 2009 IUCN ikatangaza kwamba chura wa Kihansi ametoweka porini. Aliyerudishwa kule 2012 alitoka kwenye vizazi vilivyotunzwa Marekani. Hata maji ya ndoo zenu yasiende mtaroni. Yatieni dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini, sehemu moja kwa tisa za maji, yakae nusu saa, kisha yamwagwe chooni. Ndoo tupu zioshwe kwa mchanganyiko huohuo, zisuuzwe sana, zianikwe juani siku tatu. Kuvu huyo hapendi kukauka.

Nenda wewe na mpwa wako ofisi ya wanyamapori ya halmashauri, mkiwa na daftari, kabla hajaja mtu kuwashtaki. Waelezeni idadi, aina na mahali kila mmoja alipotoka, mwombe maelekezo kwa maandishi. Msipande basi kwenda kuwaachia wa kijani Amani wenyewe. Hilo ni jambo la wahifadhi. Mkingoja jibu, utunzaji tulioueleza uendelee, na asiongezwe hata mmoja.

Kuna na wale waliokwisha kununua. Mpwa wako awapitie nyumba kwa nyumba, awachukue walio hai na kurudisha pesa, awaweke kando na hao 14. Itamuuma mfukoni. Ila kijana anayejua kwenye dimbwi lipi la Pongwe hulia chura gani, saa ngapi na mwezi gani, ana ujuzi unaohitajika: waongozaji wa matembezi ya usiku kule Amani hulipwa kwa kujua hayohayo, na chura hubaki kwenye tawi lake. Amwulize afisa atakayekutana naye njia ya kujifunza kazi hiyo.

Beseni, mwambie shemeji alisamehe. Vyura hubeba salmonela bila kuugua, na plastiki yenye mikwaruzo haisafishiki ikaaminika kwa unga wa maandazi. Lifanyeni la kuoshea ndoo za vyura, liandikwe kwa rangi ubavuni, na lingine jipya mpwa wako alinunue kwa pesa ya chura wa mwisho aliyemwuza.